Kofi la Preposishoni
Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa upande wa ziwa, msafi, mwenye sauti ya upole na roho mbaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Fimbo hakuigusa. Aliyeshindwa kutambua neno alizabwa kofi na yule aliyelitambua. Hivyo, alisema, tutafundishana.

Darasani tulichanganyika, wakubwa kwa wadogo. Mimi nilikuwa nimeshatoka jandoni, na kwetu Wakipsigis, mwanamume aliyetahiriwa hapigwi na mtoto, hata kwa mzaha. Akipigwa akanyamaza, wa rika lake humhesabu kuwa amerudi utotoni. Mwalimu aliyajua hayo yote. Lakini nilitaka ukarani katika ofisi ya shamba la chai kule Kericho, na bila neno lake nisingeupata. Ningebaki kuchuma majani mvuani, kikapu mgongoni.

Asubuhi hiyo aliandika ubaoni: The cow is under the tree. Ng'ombe yuko chini ya mti. Akataka preposishoni, lile neno dogo linaloonyesha kitu kiko wapi. Nikajibu tree, kwani ng'ombe si alikuwa pale mtini? Darasa likacheka. Akamgeukia mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye hakuwa amepita jandoni. Yeye akajibu under kwa sauti ya chini, maana alijua kinachofuata.

Akakataa kunipiga. Alilia, akasema mimi ni kaka yake mkubwa. Mwalimu akamweleza, kwa upole uleule, kwamba wasiotii hurudi kuchunga mbuzi, na safari hii tungerudi wote wawili. Kisha akanitazama.

"Inama basi," akasema, "mtoto akufikie."

Niliinama. Nikamnong'oneza mdogo wangu kwa lugha yetu, "Piga, tusije tukafukuzwa." Akapiga. Halikuwa kofi la kuuma, lakini nilimchukia mwalimu yule, na ninamchukia hadi leo.

Ukarani niliupata. Nilivaa viatu, nikaandika barua ambazo preposishoni zake hazikumsumbua mzungu yeyote. Mdogo wangu alipofikia umri wa jando nilirudi nyumbani, upande wa Sosiot, nikiwa na hamu ya kuingia kibandani, wanamotengwa waliotahiriwa, kumfunza kama kaka anavyopaswa. Mlangoni nikazuiwa na wanaume niliotahiriwa nao pamoja; habari ya kofi lile ilikuwa imewafikia. Hawakufoka. Mmoja wao aliniambia tu niende nikakae kule na watoto. Nilimsikia mdogo wangu ndani akiuliza nimefika au bado, na mmoja wao akaingia kumweleza.

Siku aliyotoka nilimngojea uani kwa mama. Alikuja amejitanda ngozi mpya, mrefu kunishinda. Nilitaka kumkumbatia. Alinipita, akasimama mlangoni akiwa amenipa mgongo, akingoja nimwamkie kwanza, kama mtoto anavyomwamkia mwanamume.

Nikamwamkia.