Kofia Niliyojishonea Imenizulia Mume

Admin, niwekee hii bila jina tafadhali. Kisiwa chetu cha Amu ni kidogo, ukipiga chafya mtaa wa Wiyoni mtu wa mjini akuombea rehema.

Nina miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Pate. Watu waniita Bi. Niliolewa ujanani, ndoa ikavunjika, nikabaki kumlea binti wa marehemu dadangu kwa kazi ya kushona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono. Wanaume wengi mnaowaona wamependeza Ijumaa, kofia zao zimepita mikononi mwangu. Na kila niliyoimaliza niliionea wivu, kwa sababu tangu utotoni najijua mimi ni mwanamume. Nimesali, nimefunga, nimesomewa, haikuondoka. Mwaka huu nikachoka kupigana nayo. Nikajipima kichwa changu mwenyewe, nikajishonea. Siku niliyoivaa mbele ya kioo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Wallahi sijawahi kujipenda vile.

Sasa binti yangu huyo aolewa. Nilimshonea bwana harusi kofia pia, na kwa haraka zangu nikampelekea ile yangu. Balaa! Mamake akairudisha mbele ya wanawake waliokuja kunisaidia kuchambua mchele wa harusi. "Bi, hii haimwingii mwanangu. Umemshonea nani?" Nikaropoka kwamba hiyo si ya kuuza.

Huku kwetu mwanamke akishona kofia nzuri namna ile na haiuzi, basi kuna mume. Wakapiga vigelegele. "Kumbe Bi ana bwana! Na utu uzima huu!" Nami nikatabasamu kama mjinga.

Utani ukageuka kesi. Wakwe wasema huyo mume ajitokeze tufungishwe ndoa kwanza, la sivyo hawaozi mwana wao kwenye nyumba yenye aibu. Binti akanifuata chumbani analia. "Mama, mtaje tu. Ni nani?"

Nikaitoa ile kofia sandukuni, nikaivaa. Nikamwambia, "Ni mimi, mwanangu. Hakuna mwingine. Ndivyo nilivyo tangu nizaliwe."

Alijipangusa machozi kwa leso. Kisha akasema, "Usiwaambie. Nakuomba. Wataivunja harusi." Akaenda. Alipofika mlangoni akageuka, akaniangalia kuanzia kofia hadi miguu. "Na mimi sasa nikuite nani?"

Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nililia na kofia kichwani.

Harusi ni wiki ijayo, wanaume mlango wao na wanawake wao, na sioni ndia ya kutokea. Nikisema ukweli, namvunjia mwanangu ndoa. Nikinyamaza, nabaki na zinaa nisiyoifanya. Nikizua jina la mume wa uongo, namzika tena yule niliyemwona kwenye kioo, nami nimemtafuta miaka mingi mno.

Jamani, msinitumie dua za kunibadilisha, nilizisoma zote kabla yenu. Niambieni hili moja tu: mimi baba wa bibi harusi, siku hiyo niingie kwa mlango gani?