"But" ya Daktari

Juzi, wodini Manyoni, daktari alimweleza mwenzake kwa Kiingereza kwamba hali ya mzee wa kitanda cha pembeni imetulia. Akaongeza "but", kisha wakasogea dirishani wakinong'ona.

Mke wa mzee, mama aliyetoka kijiji cha Ihanja, alinigeukia mimi niliyekuwa namuuguza kaka yangu.

"Mwanangu, hiyo bati ni nini?"

"Ni lakini, mama."

"Lakini nini?"

Nikawatazama wale wawili pale dirishani. Mama akavua kitenge cha mabegani, akamfunika mumewe miguu, akaniomba nimpigie binti yake aje haraka. Binti alimkuta baba bado anaongea.

Asubuhi mzee alifariki. Ndipo daktari akaja kumweleza mama kila kitu, kwa Kiswahili kizuri kabisa.

"Asante, daktari," mama akamjibu. "Jana ulishasema."