Hedifoni Alizonichagulia Antena

Nilisikia sauti ya mke wangu masikioni nikiwa futi elfu tatu angani.

Mke wangu alikuwa nyumbani. Simu yangu nilikuwa nimeizima, iko ndani ya begi.

Jamani, kaeni vizuri niwasimulie, maana hili jambo mpaka leo linanichoma.

Mimi natengeneza majokofu. Kurusha ndege si kazi yangu, ni ugonjwa wangu. Nina kindege cha viti viwili, nimekinunua nusu kwa nusu na rafiki yangu wa tangu shuleni. Tunamwita Antena, kwa sababu hakuna umbea mjini usiomfikia.

Tulipokinunua tuliandikishana sharti moja, tukalibandika ndani ya mlango wa banda: "Asiye na leseni hashiki funguo." Antena ndiye aliyeliandika, kwa mkono wake. Tulicheka sana siku hiyo.

Sasa, miezi minane kabla ya siku ile ya angani, sikio langu la kushoto likaanza kufa.

Niliyemwambia ni mtu mmoja tu duniani. Antena.

Mke wangu sikumwambia. Ana hofu na ndege kuliko mtu yeyote ninayemjua. Angesikia habari ya sikio, angenipigia magoti niache. Na kipimo cha afya cha marubani kilikuwa kinakaribia. Nikifeli, leseni hakuna. Leseni hakuna, funguo hakuna. Roho ilikuwa juu juu kila siku.

"Kaka," Antena akaniambia, "kinachokuua ni hizo hedifoni zako za zamani, za kijani. Injini inakupigia kelele ndani ya kichwa miaka yote hii. Twende ukanunue za kisasa, zinazoua kelele."

Nikasema huyu ndiye rafiki.

Dukani tukamkuta dada mmoja anayejua kazi yake. "Usichague kwa macho," akasema. "Vaa na miwani yako hiyo hiyo, kaa nazo nusu saa, kisha uniambie."

Za kwanza zilinibana miwani mpaka nikaona nyota. Za pili zilikuwa nyepesi, ila zinaingia ndani ya tundu la sikio, na sikio langu bovu likakataa kabisa.

Za tatu, aisee! Mto laini, betri mbili ndogo, unawasha kitufe na kelele zote za barabarani zinakwenda zake. Halafu zinaungana na simu bila waya.

Antena akanipokonya, akazivaa, akaziunganisha na simu yake, akafungulia muziki. Akaanza kucheza katikati ya duka, watu wanamshangaa.

"Chukua hizi, kaka, la sivyo nakununia!"

Nikazichukua. Nikamkumbatia kabisa.

Jumamosi tukapanda kuzijaribu. Kipimo kilikuwa Jumatatu. Mimi narusha, na hedifoni zangu mpya. Antena kavaa zile za kijani, anatazama dirishani upande wake. Simu yake kaiweka kwenye chaji katikati ya viti.

Nikasikia mlio masikioni. Nikadhani betri. Nikabonyeza kitufe kwenye kikasha kidogo cha ule waya unaoziunganisha na kindege; kumbe nimepokea simu.

"Shemeji, nasikia mngurumo, kumbe mko pamoja. Usijibu. Nisikilize tu."

Mke wangu!

Nikatazama chini. Simu ya Antena inawaka. Imeandikwa "Shem", na sekunde zinahesabu. Alipocheza dukani aliiacha simu yake imeunganishwa na hedifoni zangu, akasahau. Yeye mwenyewe hasikii kitu, anahesabu mabwawa huko chini.

"Barua nimeipeleka kwa daktari wa marubani, kama ulivyonielekeza. Nimewaandikia habari ya sikio, na ile ya mwezi uliopita aliposhindwa kusikia mnara wa kuongozea ndege, nusura agongane na ndege nyingine. Jumatatu hawatampa leseni. Shemeji, mwache aruke leo, ni mara ya mwisho. Ila uliniapia mtakiuza hicho kindege. Usinigeuke."

Akakata.

Nikaachia usukani. Nilishukuru kwamba kindege kinajua kwenda chenyewe kwa dakika mbili tatu.

Maana ile siku ya mwezi uliopita naikumbuka. Kweli mnara uliita na rubani hakusikia. Lakini mimi nilikuwa chini, bandani, najaza upepo tairi.

Aliyekuwa anarusha ni Antena.

Nilitua kwanza, nikazima injini. Nikavua hedifoni, nikamwekea mapajani.

"Mke wangu anakusalimia."

Aliangalia simu. Aliangalia hedifoni. Rangi ikamtoka.

"Kaka, nilikuwa nakuogopea wewe..."

"Na ile ndege uliyonusurika kuigonga, ulimwogopea nani?"

Akachomoa simu yake kwenye chaji, akashuka. Nikanyanyua kitabu cha safari, ambamo kila rubani hutia sahihi baada ya kuruka, nikakiweka kwapani. Nilipita pale mlangoni kwenye lile karatasi la sharti na mwandiko wake, nikaelewa: mimi nikikosa leseni, funguo zinabaki kwake peke yake.

Nyumbani nilifika nimefura. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikakibwaga kitabu mezani.

"Soma tarehe. Soma sahihi ni ya nani."

Mke wangu akasoma. Akashika mdomo.

"Ameniapia kwa watoto wake," akasema.

"Na wewe ukamwamini? Ukaenda kuniuza kwa daktari bila hata kuniuliza?"

Nilitegemea alie. Hakulia.

"Nikuulize wapi? Miezi minane naongea na wewe kitandani, hunijibu. Nakwambia pole na kazi, kimya. Nakwambia nimekukumbuka, kimya. Nilijua umenichoka. Nilijua una mwingine. Antena aliponiambia ni sikio, mimi nilifurahi, unasikia? Nilifurahi kwamba ni sikio tu!"

Mke wangu hulala upande wangu wa kushoto.

Nilikaa chini. Yale maneno yote niliyoyapanga yakayeyuka.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari na kila kitu mkononi: kitabu, hedifoni, na mke wangu. Nikakiri mwenyewe habari ya sikio, nikamwonyesha sahihi ya siku ile. Ndani ya chumba cha kipimo nilifeli upande wa kushoto. Daktari akaamua tukajaribu ndani ya kindege, injini inawaka, hedifoni kichwani. Akanisomea maelekezo ishirini. Nikayarudia yote ishirini.

Leseni nimepewa, na mstari mmoja chini: asiruke bila hedifoni za aina hiyo.

Zile zile alizonichagulia Antena.

Hatuongei tena. Yeye ana siku zake, mimi zangu, funguo anakaa nazo mlinzi. Lile karatasi nimelibandua. Simu yake nimeifuta kwenye hedifoni, iliyobaki ni ya mke wangu peke yake.

Antena sijamsamehe, na sitaki kuwadanganya kwamba nimemsamehe. Ila ndugu zangu, silaha ile nilimpa mimi. Nilimpa rafiki siri ya mwili wangu, nikamnyima mtu ninayelala naye, na huyo rafiki akaenda kumuuzia kwa bei yake. Una jambo linalokutisha? Anza nyumbani, hata kama patawaka moto.

Sisi tumebadilishana pande za kitanda. Sasa sikio langu zima liko kwake.