Bukta ya Berto

Gildo Pavanetto alikuwa fundi bomba maisha yake yote, na alipostaafu aliamua kuwa mwembamba. Hakupungua, aliamua tu. Pale kijijini kwetu San Vettore, chini ya milima, mwanamume akikaribia uzee hununua baiskeli nyepesi kuliko mbwa wake na nguo zinazobana kuliko ngozi yake, kisha Jumapili hupita mbele ya kanisa taratibu, ili aonekane anakwenda kasi.

Gildo alikuwa mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli, kwa hiyo alibanwa kuliko wote.

Asiyejua ajue: chini ya bukta ya baiskeli havaliwi kitu. Ndani yake kumeshonewa sponji, na sponji ina mahali pake. Ikisogea upana wa kidole, unaukalia mshono, na mshono hauna huruma. Ndiyo maana Ornella, anayetushonea sare, aliomba aje jioni moja na futi yake. Wanaume wakamwambia asijisumbue, vipimo vyao wanavijua. Kisha kila mmoja akataja namba aliyokuwa akivaa siku ya harusi yake.

Aliyesema kweli alikuwa mmoja, Berto Scandolara, rafiki wa Gildo tangu utotoni. "Namba sita," alisema, mdomo umejaa mkate. Gildo, aliyetaja nne, akambatiza Pipa, na jina likashika.

Sare zilipofika, Berto hakuwepo. Moyo wake ulisimama wakati wa baridi akipasua kuni.

Kwetu, mwenzetu akifa, siku padri anapobariki baiskeli mwezi wa Mei, yule aliyekuwa akiendesha ubavuni mwake humpelekea maua kwenye kanisa dogo la mlimani. Huyapeleka kwa baiskeli. Akishuka njiani akaanza kuisukuma, maua huchukuliwa na mwingine. Ruhusa ya kusimama ipo kwenye chemchemi tu, kwa sababu hata mapadri wa zamani walisimama hapo. Gildo alikuwa ameahidi mbele ya jeneza kwamba atayafikisha mwenyewe. Na alikuwepo Sante Dal Molin, ambaye hakumpenda sana Berto lakini alipenda sana kupigwa picha, akisubiri Gildo ashindwe ili ayachukue maua.

Jumapili moja kabla ya siku hiyo, Gildo aliijaribu sare mpya. Aliporudi aliingia kwenye baa ya Nives, mjane wa Berto, akitembea kama mpanda farasi aliyeibiwa farasi.

"Kaa, mwenyekiti," Sante alimvutia kiti.

"Nimekaa asubuhi nzima."

"Ndiyo maana tunakuuliza. Hiki cha hapa kina miiba?"

Gildo alikunywa kahawa amesimama. Nives akainama juu ya kaunta, akashusha sauti, lakini si sana.

"Chukua bukta ya Berto, ile ya zamani. Imefuliwa, na sponji yake ni nzima."

"Shemeji, ile si nitaogelea ndani yake!"

Nives alimtazama kuanzia shingoni, akashuka hadi tumboni, akapumzika hapo kidogo.

"Haya," alisema. "Ogelea kwingine."

Siku ikafika. Padri, Don Livio, alinyunyiza maji, na matone yakateleza juu ya tumbo la Gildo kama juu ya gari jipya. Zipu ya jezi ilikuwa imegoma kifuani. Maua meupe ya bustani ya Nives yalichomoza mifukoni mgongoni mwake, na kwa nyuma, lazima nikiri, alipendeza kama dirisha lenye vyungu vya maua.

Kilima kilipoanza, Gildo alisimama juu ya pedeli. Hakuketi tena.

"Mwangalieni mzee!" mtu alipiga kelele. "Anapanda amesimama kama kijana!"

Aliisikia sifa hiyo na, kwa ujinga wake, akaifurahia. Alisimama kona ya kwanza, ya pili, hadi mapaja yakaanza kutetemeka. Akajaribu kuketi. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyekalia paka.

Sante akasogea ubavuni mwake, mahali ambapo Berto angekuwa.

"Nipe maua, mwenyekiti. Hakuna aibu."

"Nenda zako."

"Yatanyauka hayo."

"Nenda zako, Sante!"

Kwenye chemchemi Nives alikuwa amekuja na gari, akikata mkate na soseji nene ya nyumbani kwao. Gildo aliegemeza baiskeli ukutani, akayaweka maua penye maji. Akaitazama barabara iliyobaki. Ile ngumu ndiyo iliyobaki.

"Shemeji."

"Sema."

"Ile bukta..."

"Ile ya kuogelea?"

Macho ya Gildo yalikuwa mekundu; angesema ni jasho. "Nilimwambia nitamfikishia," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, ndogo kweli, kitu pekee chembamba alichokuwa nacho.

Nives hakucheka. Alimpa mfuko, uliokuwa tayari chini ya mkate.

Gildo alikwenda nyuma ya ukuta, wanaume wakimpigia miluzi. Alipotoka na ile bukta nyeusi iliyopauka, miluzi ilikwisha. Haikuwa kubwa. Tulitafuta mahali inapopwaya, hatukupapata. Ilimkaa kana kwamba Ornella alimpima yeye.

"Pipa!" Sante alipata kusema.

"Ndiyo. Pipa," Gildo alisema, akiyarudisha maua mgongoni. "Tupishe."

Alipanda ameketi, polepole, wa mwisho kabisa, akipumua kama ng'ombe. Hakushusha mguu. Juu, aliweka maua chini ya jina la rafiki yake, kisha akakaa kwenye ngazi ya jiwe, akakaa kweli, matako yote mawili, mpaka tuliposhuka tukamwacha.

Ungedhani amejifunza.

Vuli ilipofika, Ornella alituma ujumbe kuuliza vipimo vya suruali za baridi. Tulikuwa kwenye baa. Sante akataja namba ya harusi yake, wengine wakataja za kwao. Zamu ya Gildo ilipofika, aliweka mkono juu ya tumbo. Chini ya meza alikuwa amevaa ileile bukta, ambayo hajairudisha hadi leo.

"Tano," alisema.

Nives aliacha kufuta glasi. "Tano, shemeji?"

"Tano. Nimepungua."