Mwasumini Hauli Mbolea

Nauza ndizi na maembe Marikiti, na kazi hii ilinifundisha kuamini kwamba kila kilicho hai hula kile kinacholetewa. Mtu akikonda, nenda ununue. Mmea ukikonda, nenda ununue. Niliishi na imani hiyo miaka mingi bila hasara, mpaka jirani yetu alipopandisha nyumba yake orofa ya tatu.

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina ua katikati, hatua saba kwa tano. Nilipopima mara ya pili nilipata tano na nusu, lakini nadhani nilikuwa nimechoka. Pembeni mwa ua huo mamangu alipanda mwasumini kabla sijazaliwa. Kila alasiri wanawake wa mtaani walikuja kuchuma vitumba kabla havijafunguka, wakatunge vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaa. Mama hakuuza hata kitumba kimoja, na jambo hilo liliniuma kama mchuuzi. Bei yake ilikuwa hii: ukichuma, ukae. Ukae mkekani, unywe kahawa ya tangawizi, ule kipande cha mkate wa sinia. Naye alikula pamoja nao, akicheka, akisengenya kidogo, akiongeza kipande. Mchana alipokula na mimi alikuwa kama mtu anayemeza vidonge.

"Chakula cha peke yako ni dawa," alizoea kusema.

Na mimi nimekaa mbele yake hapo hapo. Nikajihesabu: mmoja. Yaonekana sikutosha.

Zamani jua lilishuka uani asubuhi likakaa hadi saa tisa. Ukuta wa jirani ulipokwenda juu likabaki pande la ukubwa wa sinia, nalo hudumu kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja. Nikaenda kupatana naye.

"Jirani, punguza ukuta dhiraa mbili."

"Dhiraa mbili ni chumba, yakhe."

"Basi moja."

"Moja ni choo. Wataka mkaza mwanangu akaoge wapi?"

"Mamangu ana mwasumini pale chini."

"Naujua. Mke wangu alivaa maua yake siku ya harusi yetu." Akaufuta ukuta vumbi kwa kiganja. "Lakini jua sikulinunua mimi. Nitakurudishiaje?"

Nimeshindana na madalali wenye ndimi mbili, nikatoka salama. Mtu anayesema kweli ndiye aliyenishinda.

Mwasumini ukaanza kurefuka kama mtu anayechungulia dirisha la juu. Matawi yakawa membamba, majani ya chini yakapauka. Vitumba nilivihesabu kila siku: arubaini, kumi na tisa, vitatu. Halafu hakuna cha kuhesabu. Wanawake nao wakapungua kwa hesabu ile ile. Hawakumkimbia mama. Walikosa sababu, na mtu mwenye adabu huku kwetu haingii uani kwa mwenziwe mikono mitupu akaketi tu. Walisimama mlangoni, wakauliza hali, wakaenda zao.

Mama akaanza kukataa chakula. Daktari alimpima akasema hana donda wala uvimbe, ni umri na kukosa hamu, kikubwa ale. Nikasema, kumbe ni kazi yangu. Nikaleta magunia mawili ya samadi kutoka kwa mfuga mbuzi wa Mbaraki, na la tatu nikalikataa kwa kuwa nusu yake ilikuwa majani makavu. Kwa mama nikaleta maini, maziwa lala, uji wa mtama, supu ya mifupa. Nilimlisha mwenyewe.

"Vijiko saba leo," nilimwambia binti yangu jioni moja.

Nilipohesabu tena vilikuwa sita. Kimoja mama alikitema kwenye leso, akidhani simwoni.

Binti yangu yuko Gredi ya Saba. Mamake na mimi tuliachana kwa heshima, na mtoto akabaki kwa nyanyake. Jumamosi moja alinikuta nikifukia samadi shinani.

"Baba, mbolea si chakula."

"Ni nini basi, mapambo?"

"Ni madini. Kama vile chumvi kwetu. Wewe waweza kuishi kwa chumvi?"

Akanieleza aliyofundishwa. Mzizi hufyonza maji na madini, jani huvuta ile hewa tunayoitoa puani, na mwanga ndio moto wa jiko. Kinachopikwa humo ni sukari, na inayosalia hugeuzwa wanga, ikawekwa akiba. Jina la kazi yote hiyo ni usanisinuru, nami nikamwambia jina refu hivyo lazima lina ushuru.

Alikuwa na jaribio la kufanya nyumbani, akaniambia niwe karibu kwa ajili ya moto. Tulichuma majani mawili, moja kutoka tawi la juu kabisa lililofikia jua, moja kutoka chini. Tukayatokosa majini, kisha tukayatia ndani ya spiriti, kikombe kikiwa kimekaa katika maji ya moto, mbali na jiko, mpaka yakatoka rangi yote yakawa meupe. Mama alikuwa kitini akitazama. Binti akayadondoshea iodini. Jani la juu likageuka buluu ya kukaribia weusi, kama wino. La chini likabaki na rangi ya iodini yenyewe, hudhurungi ya chai hafifu.

"Hili halina akiba, nyanya. Halijala."

"Tangu lini?"

"Sijui. Mmea ukikosa mwanga hula akiba yake kwanza. Ikisha..." Akaiona mikono ya nyanyake, akashughulika na chupa ya iodini.

"Sema, mjukuu wangu. Ikisha?"

"Ikisha hula mwili wake."

"Ehe," akasema mama, akaisukuma bangili yake. Ilikuwa bangili ya kifundo cha mkono. Ikapanda mpaka kiwikoni bila kugusa kitu.

Kisha binti akachora mnyororo wa chakula daftarini: jua, nyasi, mbuzi, mtu.

"Nami niandike," mama akasema. "Jua, mwasumini, wanawake, kahawa, mimi."

"Nyanya, mwalimu atanikosoa. Kahawa haiwezi kuja baada ya wanawake."

"Kwangu ndiko ikaako."

Tukacheka sote watatu. Mimi kila kitu nahesabu mara mbili. Maneno yale niliyahesabu mara moja, nikayaweka kando na utani mwingine.

Nilikata vipandikizi vinne nikavipeleka juu ya paa, kwenye makopo, palipo na jua tele. Vitatu vikashika. Mama hakuweza kupanda ngazi. Nikamnunulia asumini sokoni, zimefungwa kwenye jani la mgomba, nikamwekea mapajani. Akazinusa.

"Za nani hizi?"

"Za kununua."

"Basi waliozichuma wameketi kwengine."

Siku hiyo alikula vijiko vitatu.

Kutoka mlangoni kwetu hadi kona kuna milango minane. Ningemtuma binti yangu tu akabishe hodi, aseme: nyanya awaita kahawani. Maneno matatu. Sikumtuma. Nilikuwa na vipandikizi vya kumwagilia.

Mama alikufa asubuhi moja ya upepo wa kusi, kabla ya chai.

Wanawake wakaja wote. Nilihesabu ndara mlangoni: jozi thelathini na moja. Nikarudia, thelathini na moja. Walijaa ua mzima, katika kivuli kile kile cha ukuta, chini ya mwasumini usio na ua hata moja. Kahawa ikapikwa. Mkate wa sinia ukakatwa, ukaliwa mpaka makombo.

Siku ya tatu bi mkubwa mmoja, aliyekuwa mchumaji hodari kuliko wote, aliniita penye pazia lililotenga wanawake na wanaume.

"Twaliona haya, mwanangu. Maua hakuna, tungekuja kuchuma nini?"

"Kahawa ilikuwapo, bi mkubwa."

"Hukutuita."

"Naam. Sikuwaita."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua buli, akayamwaga mashapo ya kahawa shinani mwa mwasumini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Nilitaka kumwambia kwamba mmea hauli kwa upande ule. Badala yake nilimtandikia mkeka, nikamwambia akae.