Siku Nilipombeba Mama Mkwe Baharini

Anayetaka kucheka acheke, maana aibu yangu imeshafika mpaka kwa muuza nyama wa hapa Mkomaindo, kila nikienda ananiuliza kama mgongo umepona. Leo nasimulia mwenyewe, kwa sababu wanavyosimulia wengine wanapunguza mambo yanayonitetea.

Kwaya ya kanisa la Kitangari, kijijini kwa mama mkwe wangu, ilikodi basi la Kosta kwenda kutembea Mikindani, na mama mkwe, aliyezeeka bila kuiona bahari, akasema safari hii haachwi, ikabidi mimi na mke wangu tuungane nao. Mke wangu, Mama Neema, akanikabidhi mama yake na kunionya kwamba akipata tabu yoyote nitamtambua. Mama mkwe akaja na dumu tupu (mtu wa Kitangari hapiti penye maji bila chombo, amepanga foleni ya maji tangu usichana).

Tukazunguka mjini, tukatazama majumba ya zamani, tukanunua samaki wa kukaanga, kisha tukashuka ufukweni kula. Hapo ndipo heshima iliponiponza. Mimi na mama mkwe hatuli tukionana, ndivyo tulivyolelewa, hata maneno yake kwangu hupitia kwa binti yake, na kivuli cha mivinje kilikuwa kidogo, kwaya nzima imejibanza hapo. Mama Neema akasema nimweke tu nyuma ya gari. Nyuma ya gari, mama mzima, anusishwe dizeli? Nikaona fungu la mchanga kule mbele, maji yalikokuwa yamejivuta, jeupe, kavu, nikambebea mkeka na sahani, nikamkalisha na dumu lake, nikarudi kula kwa raha zangu.

Sasa niambieni nyinyi. Njiani tulipishana na akina mama wa pale na ndoo zao za pweza, wote wanarudi nchi kavu, sisi tu ndio tunakwenda, wakamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba, wakapita zao. Hakuna aliyefungua mdomo kutuonya! Huku kwetu mgeni akielekea kwenye mzinga wa nyuki tunamnyamazia?

Nilikuwa nafyonza kichwa cha samaki Mama Neema aliponisogelea.

“Baba Neema,” akasema kwa sauti ya chini, “mama yangu yuko wapi?”

Bahari ilikuwa imerudi. Tena haikuja kwa mbele ambako mtu angeiona, ilizunguka nyuma ya lile fungu kimyakimya, na mama alikuwa amesimama kwenye mchanga uliobaki mdogo kuliko mkeka wake, amekumbatia dumu. Kwaya nzima hakuna ajuaye kuogelea (tungejifunzia wapi?), na mimi niliogopa, sifichi, lakini nilimwogopa zaidi Mama Neema. Nikaingia na viatu vyangu na suruali ya kanisani, maji yakanifika kiunoni, nikampigia magoti mkwe wangu.

“Mama, nisamehe. Panda mgongoni.”

Akaangalia pembeni, akapanda, na dumu amelijaza maji ya bahari. Nikamsihi aliache.

“Siliachi,” akasema sikioni kwangu, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. “Na usinimwagie.”

Nikatembea hivyo, nayumba, mapaja ya mama mkwe mikononi mwangu mchana kweupe, na wale wanakwaya, badala ya kuja kunipokea, wakaanzisha pambio la kuvuka mto, tena kwa sauti zote nne. Sijawasamehe. Na mmoja wa wale akina mama wa pweza, nilipomfokea kwa nini hakutuambia, akajibu bila wasiwasi kwamba alidhani tunasubiri boti.

Dumu lile sasa liko sebuleni Kitangari, limefunikwa kitambaa. Kila mgeni anaonyeshwa dumu, na nikiwapo naonyeshwa na mimi. Heshima yetu ya miaka yote imekwisha, mama ananipigia simu mwenyewe, na juzi ameniambia mwakani twende tena, atachukua dumu kubwa.

Nimemjibu kupitia kwa binti yake kwamba siendi.