Rudi Mpaka Lilie

Gari jipya la mke wangu nalichukia, na nalisema hilo mapema ili mtu asinitegemee kuwa hakimu. Mke wangu ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wanamwita Mama Breki, kwa sababu upande wake wa gari fundi alimfungia breki ya pili, na mguu wake juu ya breki ile hauna huruma. Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani, na uwanja anaofundishia uko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo mengi anayoyafanya nayaona bila kuinuka kitini.

Gari la zamani lilikuwa dogo, jeupe, la pembe pembe kama boksi la viatu. Vioo vyake vilikuwa vikubwa pande zote. Ukikaa ndani unauona mtaa, na mtaa unakuona. Ukikosea gia linakoroma hadi wateja wangu wanaacha kupimwa wanageuka kuangalia. Halikuwa na siri wala maringo.

Kwa gari lile mke wangu alikuwa na utaratibu ambao sijausikia kwa mwalimu mwingine. Kabla mwanafunzi hajarudi nyuma, lazima azime gari, ashuke, azunguke, aguse bampa, arudi aseme ameona nini. "Shuka ukasalimie nyuma," ndivyo alivyokuwa akisema. Watu walicheka. Wenye vyeo vyao walinuna, mtu amevaa tai anaambiwa akasalimie bampa mbele ya watu.

"Mwalimu, kwani huko nyuma kuna nani?" bwana mmoja aliuliza.

"Si ndiyo nakutuma ukaniambie?"

Siku hiyo alikuwepo paka amelala. Yule bwana alirudi amenywea, na toka hapo alishuka bila kuambiwa.

Basi, shule ya udereva ya mtaa wa pili ikaleta magari mapya, na wanafunzi wetu wakaanza kupungua. Wengine walihama katikati ya masomo, hata kwaheri hawakuaga. Mke wangu akavumilia, akavumilia, mwisho akalitoa gari lake jeupe akachukua toleo jipya la gari lile lile. Alisema hivyo hivyo, "lile lile," kunipoza moyo. Uongo mtupu. Jina ndilo lile lile na nembo ndiyo ile ile, vingine vyote wamevifumua. Taa za mbele wamezibana hadi gari linakutazama kama mtu aliyenusa kitu. Milango wameinyanyua, vioo wamevipunguza, na kioo cha nyuma wamekiacha mwanya wa kutumbukizia barua. Mke wangu si mrefu. Siku ya kwanza aligeuka kuangalia nyuma, akaona kiti, akaona kichwa cha kiti, akaona paa.

"Sasa huko nyuma naona nini?" aliniuliza.

"Si kuna kamera?" Nilikuwa narudia maneno ya muuzaji.

"Nimekuuliza naona nini. Sijakuuliza kuna nini."

Breki ya mkono imekuwa kitufe. Feni, redio na taa za ndani vyote vimehamia kwenye skrini, kwa hiyo ukitaka kupunguza feni unapekua kurasa huku lori linakuja. Viti vimeshonwa ovyo, na hapo naongea kwa ujuzi wangu. Uzi umekimbizwa, hata mwanafunzi wa cherehani angeona aibu. Tulipofungua buti kutafuta tairi la spea tukakuta chupa ya gundi ya kuzibia pancha na kipampu cha upepo. "Toleo hili halibebi spea," alisema muuzaji kwa fahari, kana kwamba spea ni ugonjwa uliopatiwa dawa.

Halafu linalia. Mungu wangu, linalia! Ukichelewa kufunga mkanda, linalia. Ukiweka mkoba kwenye kiti, linadai mkoba nao ufungwe mkanda. Ukikwepa shimo, linavuta usukani kukurudisha shimoni, maana linadhani umesinzia. "Miaka yote nafundisha watu kukwepa mashimo," mke wangu alisema, "leo nimenunua gari linalotetea shimo." Na linaongea pia, sauti ya mwanamke mwenye Kiswahili cha kusoma, asiyejua kuomba wala kushukuru.

Ukirudi nyuma ndiyo usiseme. Kwenye bampa kuna vijicho vinavyopima umbali. Kitu kikiwa mbali linalia polepole, kikikaribia linaharakisha, na ukizidi linajipiga breki lenyewe. Mama Breki mguu wake ukabaki hauna kazi. Mbele ya wanafunzi alilisifu gari, afanyeje, ni biashara. Akiingia ndani alitupa funguo mezani akasema, "Lile dude linanifanya mimi abiria."

Ningeyacheka yote haya, kama dada yangu mdogo asingekuwa mmoja wa wanafunzi.

Dada yangu alikuwa amekuja kwetu na mapacha wake, mmoja mkononi, mwingine ameshika gauni. Alimkimbia mume asiyepiga na asiyetukana. Yule bwana kazi yake ni kununa. Sahani ikivunjika anaweza kununa mwezi mzima, anapita sebuleni kama hakuna mtu, na watoto nao hawaongeleshi. Dada alikuja amekonda, anaongea kwa kunong'ona hata akiomba chumvi. Kwetu taratibu akaanza kucheka, halafu akaanza kubishana na wifi yake, nikajua amepona.

Familia za pande zote mbili zilikaa kikao. Wakubwa wakakata shauri: akipata kazi na chumba chake kabla shule hazijafunguliwa, watoto watakaa na mama yao. Asipopata, watarudi kwa baba. Dada hakubisha. Nje ya nyumba aliniambia, "Kaka, wakirudi wao narudi na mimi. Siwezi kuwaacha peke yao kwenye ukimya ule."

Kiwanda cha mikate kilikuwa kinatafuta dereva wa gari la kusambazia. Leseni, halafu jaribio uwanjani kwao, basi. Mke wangu akasema, "Wifi, hiyo ni kazi yako. Nitakufundisha mwenyewe."

Na alimfundisha. Asubuhi kabla ya wanafunzi wengine, jioni baada yao. Sitaki kumsingizia mke wangu uvivu, hana uvivu hata chembe. Ila zile siku zilikuwa za mvua, uwanja umekuwa tope, na gari lile ukifungua mlango likiwa kwenye gia linapiga kelele kama limeporwa. Kamera ipo, vijicho vipo. Mara ya kwanza alimsamehe asishuke kwa ajili ya mvua. Baadaye hata kukiwa kukavu hawakushuka. Nikawa namsikia kutoka barazani:

"Haya, wifi, rudi. Rudi tu. Rudi mpaka lilie."

Gari linalia, dada anasimama. Safi kabisa, amenyooka kama mstari wa chaki.

"Mbona siku hizi hamsalimii nyuma?" nikapaza sauti siku moja.

"Wewe shona!" mke wangu akanijibu, na dada akacheka hadi akaegemea usukani.

Leseni akapata mara ya kwanza, kwa sababu mtihani nao aliufanyia kwenye gari hilo hilo. Alileta soda, tukanywa. Mapacha wakaanza kucheza mchezo wa dereva wa mikate, mmoja gari, mwingine mikate.

Siku ya jaribio nilimsindikiza mimi, mke wangu alikuwa na wanafunzi. Uwanja wa kiwanda ulikuwa mpana, wa saruji, unanukia mkate wa moto. Gari la mikate lilikuwa bati lenye magurudumu, limechoka, halina kioo cha nyuma wala skrini. Pale ambapo skrini ingekaa palikuwa na tundu limezibwa kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Nililiona nikalipenda, mjinga mimi. Nikajua ni gari la watu.

Msimamizi wa upakiaji, mtu mnene mwenye peni sikioni, akamwambia azunguke uwanja. Dada akazunguka vizuri. Akamwambia asimame kwenye mteremko, akasimama, akaondoka bila gari kuserereka. Msimamizi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaonyesha jukwaa la kupakilia, ambapo wapakiaji walikuwa wamepanga kreti.

"Rudisha mpaka jukwaani. Acha nafasi ya mtu kupita."

Dada akaingiza rivasi. Akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, halafu macho yakashuka kwenye kile kitambaa cha vumbi na yakabaki hapo. Gari likarudi pole pole, limenyooka, la kupendeza. Nikasema moyoni, sasa simama. Likazidi kurudi. Nikaona uso wake kupitia dirishani, umetulia, sikio amelitega kidogo. Ndipo nikaelewa, nikiwa nimeshachelewa.

Mpakiaji mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya gari aliruka juu ya jukwaa kwa mikono yake miwili, vinginevyo miguu yake ingebaki pale. Milango ya nyuma ya gari iliingia ndani. Kreti zikaanguka, mikate ikatapakaa uwanja mzima.

"Hukuona?" msimamizi alikuwa anafoka. "Mwanamke wewe, hukuona?"

Dada alikuwa ameshika usukani kwa nguvu. "Nilikuwa nasubiri lilie."

"Lilie nini?"

"Gari."

Mpakiaji mmoja akasema, "Si ndiyo limeshalia!" na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata aliyenusurika miguu alicheka. Dada alishuka, akainama, akaanza kuokota mikate mmoja mmoja na kuipangusa kwa kanga yake, mpaka nikamshika mkono nikamtoa pale.

Nyumbani hakulia. Alimngojea wifi yake amesimama mlangoni.

"Nani alikwambia magari yote yanalia?" mke wangu aliuliza, baada ya kusikia. Alikuwa amepauka, na akiogopa huwa anagomba.

"Nani aliniambia yapo yasiyolia?"

"Wifi, hicho ni kitu cha kuambiwa? Una macho!"

"Macho ninayo. Wewe ulinifundisha masikio."

Mke wangu akachukua funguo akaenda kiwandani jioni ile ile, nami nikamfuata, nikijua hatabembeleza bila kugombana. Nilikosea, alibembeleza. Alisimama mbele ya msimamizi mikono ameikunja tumboni, akaomba dada apewe jaribio la pili, hata kama ataanza kwa kufagia uwanja.

Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. "Mwalimu," akasema, "mimi ni mwanafunzi wako. Unanikumbuka? Ulinishusha kwenye mvua nikasalimie nyuma, viatu vyangu vipya vikajaa tope. Nikakuchukia sana." Akavuta peni sikioni, akaitazama. "Huyu wa kwenu hukumshusha hata mara moja?"

"Hata mara moja," mke wangu akasema.

"Karibu tuzike mtu hapa. Siwezi, mwalimu."

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Kazi nyingine hatukupata. Nilienda kwa wakubwa, nikaongea, nikapandisha sauti, wakaniambia makubaliano ni makubaliano. Mmoja akathubutu kusema kwamba angalau mume wa dada yangu hanywi pombe. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika.

Jumapili mchana tuliwapeleka. Mke wangu aliendesha, mimi nikakaa mbele, dada nyuma katikati ya mapacha waliolala, kila mmoja na kichwa pajani kwake. Begi lilikuwa kwenye buti, pale ambapo spea ingekaa. Wifi wawili hawa walikuwa hawajasemezana tangu ile siku ya mlangoni. Gari lililia kwa ajili ya mkanda, likalia kwa ajili ya shimo, na hakuna aliyelitukana.

Yule bwana alikuwa getini kwake, shati limepigwa pasi. Hakupunga mkono. Mke wangu akaegesha, akazima. Ile sauti ya kike ikaamka:

"Tafadhali kagua kiti cha nyuma kabla ya kuondoka."

Dada akamwamsha mtoto mmoja, akamsimamisha chini, akamwamsha wa pili, akamweka begani. Kisha akainama mlangoni, akaitazama dashibodi, si mimi wala mke wangu, akaijibu.

"Nimekagua," alisema. "Nimewachukua wote."

Alisema kwa kunong'ona. Mke wangu akageuka haraka amwite, na alichokiona ni kiti, kichwa cha kiti, na paa.